CAR-T na kupandikizwa uboho kwa mpigo, kuna anayejua?

BintiPangani: Habarini wadau. Mdogo wangu ana limfoma ya seli B, saratani ya tezi, ile ya kasi. R-CHOP, kemo yake ya kwanza, iliituliza, haukupita mwaka uvimbe wa shingo ukarudi. Yuko Mumbai. Daktari mmoja anataka apandikizwe seli shina zake mwenyewe, mwingine anasema CAR-T. Wakala anatuambia tulipie vyote viwili. Pesa yenyewe ni michango ya ukoo. Hivi huwa vinafanywa pamoja?

NesiZamuYaUsiku: Pole sana dada. Niko wodi ya uboho, Houston, wagonjwa wa aina zote mbili nawahudumia. Huyo wakala mwekeni pembeni kwanza.

Kupandikizwa maana yake ni kemo kali mno, halafu anarudishiwa seli shina zake ili uboho uamke. Anayefaidika ni yule ambaye uvimbe wake unasikia kemo. CAR-T ni kitu kingine: seli T, askari wa kinga ya mwili, zinachujwa kwenye damu, maabara inazibadilisha zitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli za saratani, zinarudishwa kwa dripu. Utafiti wa ZUMA-7 ulishindanisha njia hizi kwa waliogomewa na kemo ya kwanza au kurudiwa ndani ya mwaka, kama mdogo wako. Baada ya miaka 2, waliokuwa bado wanakwenda vizuri bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 41 kwa CAR-T, 16 kwa upande wa pili, wa kemo na kupandikizwa. Na wengi wa upande huo hata kupandikizwa hawakufika, kemo iligoma njiani.

Kwa mpigo, wamejaribu New York na China, lakini bado ni utafiti. Utafiti una fomu ya ridhaa, hauuzwi na wakala.

Kwa CAR-T jiandaeni na homa kali, na kuchanganyikiwa. Kila zamu tunamwandikisha mgonjwa sentensi moja, kupima kama akili iko sawa. Mzee mmoja asubuhi aliandika jina la mkewe vizuri, saa tatu usiku ikawa mikwaruzo mitupu, tukakimbilia deksamethasoni, dawa ya steroidi.

Kombo_Ugunja: India wana CAR-T yao, NexCAR19, iliidhinishwa 2023. Bei ni ndogo mno ukilinganisha na Marekani. Ulizeni kama ndiyo hiyo.

BintiPangani: Asanteni. Kemo mpya imeanza, uvimbe uko vilevile.

NesiZamuYaUsiku: Basi mkazanieni huyo wa CAR-T. Na leo hii ulizeni kama kwenye dripu kuna bendamustini, dawa ya kemo. Inaziharibu seli T, na zake bado hazijachujwa.