Hamilton: imebadilisha tamthilia, au bei ya tiketi tu?

Mada: Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, tamthilia ya muziki wa rap kuhusu Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, iliingia Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York, Agosti 2015. Mwaka uliofuata ilizoa Tuzo 11 za Tony, tuzo kuu za Broadway, na tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Je, imebadilisha jukwaa kweli?

Mchana Vina: Imebadilisha, na ushahidi uko kwenye maandishi. Maneno zaidi ya 20,000 ndani ya saa mbili na dakika 45 hivi, karibu yote yanaimbwa au kuchanwa (kurapiwa). Kikao cha mawaziri kuhusu madeni ya majimbo kimegeuzwa pambano la michano: Hamilton na waziri mwenzake Jefferson, maiki mkononi, Rais Washington akisimamia. Jaribu kuingiza sera ya fedha kwenye wimbo wa taratibu uone kama hadhira haitasinzia.

Kipaza: Sawa, wafuasi wako wapi? Nitajie tamthilia tano za rap zilizodumu Broadway baada yake. Six, tamthilia ya muziki inayotajwa kila mara, ni pop. Na sababu ni ya kiufundi. Mwimbaji akivuta noti, sikio linapata muda wa kulidaka neno. Mchanaji akimeza konsonanti mbili, mstari umekwenda, na kina kinachofuata kinaning'inia bila mwenzake. Ukipandisha besi kama klabu, maneno yanazama. Ukiishusha, biti inakufa. Kuna mahali kwenye wimbo "Guns and Ships" Lafayette, jenerali Mfaransa, anachana maneno zaidi ya sita kwa sekunde. Sasa tafuta waigizaji wa kufanya hivyo mara nane kwa wiki, tena wanacheza.

Mchana Vina: Ugumu si kushindwa. Angalia Holler If Ya Hear Me, iliyotumia nyimbo za Tupac: ilifunguliwa Juni 2014, Julai ikafungwa. Nyimbo zilikuwepo tayari, hadithi ikalazimika kuzifuata. Miranda aliandika kila ubeti usukume tukio.

Mfasiri: Hamburg waliiweka kwa Kijerumani Oktoba 2022, ikafungwa mwaka uliofuata. Sidhani kosa ni tafsiri. Mmoja wa watafsiri wawili ni rapa, na walijenga vina upya badala ya kufuata neno kwa neno. Mtu wa Hamburg hamjui Hamilton, basi. Anayetaka kujaribu kwa Kiswahili ajipange: kitenzi chetu kimoja hubeba silabi tano au sita, kwa hiyo kwenye biti ileile itabidi ubakishe hoja na kutupa nusu ya maneno.

Msoma Historia: Mmeruka jambo kubwa. Waigizaji weusi na Walatino wanawacheza Washington na Jefferson, watu waliomiliki watumwa, huku watumwa wenyewe wakiwa hawana nafasi kwenye hadithi. Mwanahistoria Lyra Monteiro alilisema hilo 2016, na mwandishi Ishmael Reed akaandika tamthilia nzima ya kuipinga. Ajira imefunguka, nakubali. Hadithi je?

Kipaza: Bei ndiyo iliyoigwa haraka. Katikati ya 2016 viti bora vilifika dola 849, huku vichache vya bahati nasibu vikiuzwa dola 10.

Mchana Vina: Taja na upande wa pili, ndugu. Mwaka huohuo waigizaji wa awali walidai mgawo wa faida, kwa kuwa waliijenga kazi tangu majaribio, wakaupata. Mwaka 2019 chama chao, Actors' Equity, kiligomea warsha za majaribio hadi wazalishaji wakakubali asilimia 1 ya faida kwa wanaoshiriki. Mgawo huo unawahusu hata wasiochana mstari mmoja.