Eunos Roadster ya 1990 linachemsha na linaliwa na kutu: nianze wapi?

Mwenyeji wa Fuoni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninalo gari aina ya Eunos Roadster la mwaka 1990, lenye injini ya lita 1.6, gia za mkono na zile taa za mbele zinazochomoza, ambalo nililinunua miaka mitatu iliyopita kutoka kwa mtu aliyekuwa ameliacha chini ya mwembe kule Bububu kwa misimu kadhaa ya mvua. Wengine mnalifahamu zaidi kwa jina la Mazda MX-5. Linatembea, lakini nikikwama kwenye foleni ya Darajani mshale wa joto hupanda hadi nalazimika kulizima, ilhali nikishika barabara ya Fumba hushuka wenyewe. Asubuhi nikiliwasha injini hugonga "tik tik tik" kwa dakika kadhaa. Nyuma ya mlango wa kushoto, sehemu ya chini, rangi imevimba na ukiibonyeza kwa kidole inabonyea, na tangu masika iliyopita zulia la upande huo halikauki vizuri.

Rafiki yangu ananishauri nianze kwa ekzosi kubwa, filta ya wazi na rimu za inchi 17 ili gari lirudi kuwa gari la mbio. Nina spana, jeki moja, uwanja wa nyumba na shilingi milioni moja na nusu. Kuchomelea sijui. Naomba mnipangie kipi kitangulie.

Fundi Mstaafu, Wete

Wa alaykum salaam, mwanangu. Huyo rafiki yako mwambie asubiri. Gari hilo lilipotoka kiwandani halikufika hata tani moja kwa uzito, na nguvu zake zilikuwa farasi 120. Utamu wake ulitoka kwenye wepesi na wala si kwenye mngurumo. Rimu nzito za inchi 17 zitakuondolea hicho kidogo ulichobakia nacho.

Nianze na joto. Gari linalochemsha likisimama na kutulia likikimbia, mara nyingi kosa liko kwenye feni, kwa sababu likikimbia upepo wenyewe ndio unaoipoza rejeta. Fungua boneti, utafute kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS, kisha uinue kifuniko chake usome herufi zilizoandikwa ndani. Washa swichi bila kupiga stata, halafu unganisha kwa kipande cha waya tundu la TFA na tundu la GND. Feni ikizunguka, mota ni nzima, na mshukiwa wako ni swichi ya joto iliyo karibu na themostati. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei na mwisho mota yenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na itakuepusha kununua rejeta ambayo pengine haina ubaya.

Hata hivyo kuna jambo hukulieleza: unajaza maji gani? Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vyetu hubeba chokaa, na ukikaribia pwani hubeba chumvi pia. Nimezifungua rejeta ambazo mirija yake ilikuwa na ukoko mweupe kama ule unaoganda chini ya birika la chai. Injini ikiwa imepoa kabisa, mwaga yote, suuza hadi yatoke safi, kisha jaza kipozeo halisi kilichochanganywa na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, maana dukani zote mbili huitwa maji ya betri. Uangalie pia kichwa cha plastiki cha rejeta: kikishageuka kutoka rangi nyeusi kuwa ya kahawia, siku zake zinahesabika.

Mlio wa asubuhi usikutie hofu. Injini hiyo ina tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zinazojazwa na oili, na oili ikiwa chafu au nzito mno huchelewa kuzifikia. Badilisha oili na filta, tembea kilomita mia chache, ndipo uhukumu.

Sasa kutu, ambayo ndiyo inayoua magari haya kuliko injini. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai la paa hukusanywa nyuma ya viti na kushuka kwenye matundu mawili, moja kila pembe, karibu na nguzo ya mkanda wa usalama, kisha hutoka chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani yakiziba humo, maji hufurika ndani ya zulia na ndani ya kingo za chini za bodi, nayo huoza kuanzia ndani. Mimina kikombe kimoja cha maji uone kama yanatoka. Kama hayatoki, usichokoe kwa waya mgumu, kwa sababu chini mna kivalvu laini cha plastiki kitakachochanika. Tumia mshipi mnene wa kuvulia samaki wakubwa. Na fundi wa bodi asikupigie pati, ule udongo wa kuzibia mashimo, kabla ya hapo. Pati juu ya kutu ni kumpaka wanja mgonjwa.

Bint Mazizini

Ninalo kama hilo, la 1992, na kazi nyingi nimezifanya mwenyewe. Nakubaliana na Mzee karibu katika yote, ila ningeongeza betri. Katika gari hili betri imewekwa ndani ya buti, na ile ya asili ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye kijipira cha kutolea mvuke nje ya gari. Mwenye gari kabla yangu aliweka betri ya kawaida ya asidi bila kijipira, na nilipolinyanyua zulia la buti nilikuta bati la chini limebabuka na kufanya unga wa rangi ya chungwa. Ndugu wa Fuoni, kaangalie leo.

Tunatofautiana kidogo kuhusu kusubiri. Ikiwa bati linabonyea kwa kidole, tayari ni tundu lililofunikwa na rangi, kwa hiyo zibua njia ya maji wiki hii na umtafute mchomeleaji mwezi huu, alikate lililooza na kuweka bati jipya. Kabla hajawasha mashine, tenganisha betri na uchomoe plagi ya kompyuta ya gari. Baada ya rangi, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya uwazi ule. Oili chafu ya injini ambayo wengi huipaka huvuta vumbi na ina asidi yake.

Hiyo hamu ya mbio nayo naielewa. Ukibakiwa na fedha, nunua matairi mazuri ya 185/60 kwa rimu za inchi 14, kisha bushi na shokomzoba. Mimi nilipobadilisha bushi nilidhani nimebadilishiwa gari zima. Ukiingia uvunguni, weka stendi za chuma chini ya gari. Jeki peke yake ni ya kubadilishia tairi.

Mwenyeji wa Fuoni

Nashukuru sana, Mzee wangu, na wewe dada. Naleta majibu baada ya wiki tatu.

Feni haikuzunguka kwa waya wa TFA, na fyuzi ilikuwa nzima. Niliifungua mota nikakuta kaboni zake zimelika hadi zimebaki kama punje za mchele. Nilipata mota iliyotumika kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikaletwa kwa boti, na juzi nilikaa Darajani robo saa nzima bila mshale kuvuka katikati. Maji ni kweli nilikuwa najaza ya kisima cha nyumbani; nilisuuza mara sita kabla hayajaacha kutoka na chembe nyeupe.

Kwenye tundu la kushoto mshipi uliingia shibiri moja ukagota. Nilisukuma na kuvuta hadi ulipotoka na tope jeusi, vikonyo vya maua ya mwembe na kigamba cha konokono mdogo, kisha maji yaliyokuwa yamekwama yakamwagika chini kwa mkupuo, yananuka kama kinamasi. Bisibisi niliyoigusisha kwenye ile rangi iliyovimba ilizama yote hadi kwenye mpini. Mchomeleaji ameahidi kuja Jumamosi. Betri yangu, kama dada alivyohisi, haina kijipira, ila bati la buti limewahiwa.

Oili mpya imepunguza ule mlio kwa zaidi ya nusu. Lakini nilipokuwa nasikiliza, injini ikinguruma taratibu, niliona pulii ya chini ya mbele inacheza kidogo, kama sahani iliyopinda. Je, hilo ni la kawaida?

Fundi Mstaafu, Wete

Si la kawaida. Usiliendeshe kwa sasa.

Zima injini, umulike kwa tochi katikati ya pulii hiyo na uhesabu mipasuo inayozunguka boliti. Ikiwa ni minane, una krenki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) ya ncha ndefu, na huenda ni pulii tu imechoka. Ikiwa ni minne, una krenki ya ncha fupi, iliyofungwa kwenye injini za mwanzo hadi mwaka 1991, na gari lako limo humo. Ncha hiyo ina nafasi ndogo ya kushikilia gurudumu la mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na krenki. Boliti ikilegea, kile kipande kidogo tunachokiita kii huanza kucheza na kutafuna mfereji wake, taimingi hupotea na gari huishiwa nguvu. Injini hii ina bahati moja, kwamba mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini krenki iliyolika haina bahati hiyo.

Ikiwa uharibifu ni mdogo, husafishwa, huwekwa kii mpya na boliti mpya, na hushikizwa kwa gundi ya vyuma kama Loctite 660. Ukiwa mkubwa, ni kubadilisha krenki au injini. Kwa vile itabidi ufungue hadi huko, badilisha pamoja mkanda wa taimingi, ambao umri wake ni kilomita 100,000, pampu ya maji na sili za mbele, ili usirudie kazi hiyo hiyo mwakani. Ukishaitoa pulii, nitumie picha ya ncha ya krenki na ya kii yenyewe kabla hujanunua chochote.