Je, ni lazima kunyanyua vyuma hadi kushindwa?

Swali: Ndugu zangu, je, misuli haikui mpaka kila seti (mfululizo wa marudio kabla ya kupumzika) nifike pale ambapo chuma hakipandi tena?

Jibu la kwanza: Si lazima, ndugu. Ukiacha ukiwa umebakiza marudio mawili hivi, misuli hukua karibu sawasawa, na seti zinazofuata hazidhoofiki kwa uchovu. Nguvu hujengwa zaidi na uzito mkubwa, kuanzia kama asilimia 80 ya upeo wako, yaani uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja.

Jibu la pili: Naafiki, ila kwa uzito mwepesi, tuseme asilimia 30, ni sharti ukaribie kushindwa, kwa kuwa nyuzi kubwa za misuli huingia kazini mwishoni.

Muulizaji: Na nikiwa peke yangu, nimelala kwenye benchi nikisukuma chuma juu ya kifua?

Jibu la pili: Hapo usithubutu kabisa, kwani chuma kitakulalia kifuani, kufika kushindwa kujaribu kwenye zoezi la kukunja mikono na dambeli (vyuma vifupi vya mkono mmoja).