Kupanua Kamalondo, kurudi Kibassa Maliba, ao kushusha bei: sisi watu wa purturu, upande wa bei ya chini, tunachagua nini?

Kunguru_wa_Katuba
Ndugu zangu, salamu. Juzi kwenye taksi-basi tulibishana jambo moja, na kila mtu akashuka kituo chake kabla hajamaliza hoja. Nalileta hapa.

Kiwanja cha Mazembe pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, kinabeba watu 18,500 hivi. Mechi kubwa ya Afrika ikija, hakitoshi. Mechi ya Linafoot, ligi yetu ya Kongo, katikati ya juma, saa tisa na nusu mchana, unaweza kulala kwenye safu nzima na hakuna wa kukuamsha. Sasa wako wanaosema kipanuliwe. Wako wanaosema mechi kubwa ziende kiwanja cha Kibassa Maliba, maana nafasi pale ni karibu mara mbili. Na wako wanaosema ukuta ubaki ulivyo, bei ndiyo ishuke.

Mimi niko upande wa kupanua, na nina sababu yangu. Tarehe 13 Aprili 2019, robo fainali na Simba, nilifika bila tiketi. Kijana mmoja alizitoa kwenye soksi, zimeloa jasho, bei mara tatu ya ile iliyoandikwa. Nikabaki nje ya ukuta na mama mmoja wa karanga. Mechi yote niliisikiliza. Mapema kabisa ukaja ukimya, mama akasema "wametufunga" bila kuinua macho kwenye beseni lake. Kumbe ni Okwi wa Simba. Halafu kelele ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. 4-1, na mimi nashangilia na tofali.

Reli_ya_Samawati
Pole kwa tofali, jirani. Lakini ninyi kunguru, watu wa Mazembe, mna usahaulifu. Mwaka 2010, ile fainali ya Afrika mliyowapiga Espérance 5-0, mlichezea wapi? Pale pale mtaa wa Kenya, mji huu huu, Kibassa Maliba. Kamalondo mpya ilifunguliwa 2011. Kiwanja kilichowapa kombe leo mnakiona kama shati la mwaka jana.

Mimi ni wa timu ya Lupopo, sifichi. Kibassa ni cha serikali, maana yake ni cha Lupopo, cha Mazembe, cha Don Bosco na cha mtoto wa Katuba asiye na timu. Ukipanua Kamalondo unamuongezea mwenye nyumba vyumba. Ukitengeneza Kibassa unautengenezea mji.

Mama_Tribini
Mnaongea viti, nami niongee faranga kidogo. Tuseme purturu ni 5,000. Nina watoto wawili wa kiume, huwezi kumchukua mmoja ukamuacha mwingine akilia mlangoni. Hapo ni 15,000. Usafiri kutoka Ruashi kwenda na kurudi, watu watatu. Maji. Wakiona moshi wa michopo, nyama choma, nje ya kiwanja, nani atawaambia hapana? Nikifika nyumbani nimetumia pesa ya unga wa bukari, ugali wetu, wa siku kadhaa.

Kwa hiyo hata mkijenga viti elfu hamsini, mimi nakuja mara moja kwa msimu kama sasa. Mtoto akiingia bure kwa mechi za kawaida, nakuja mara tano. Na hapo napata pa kukaa, si mmesema wenyewe safu ziko tupu?

Liverpuli_wa_Ruashi
Mama kagusa penyewe. Mnisamehe niende mbali kidogo, kila mtu anajua ugonjwa wangu.

Anfield, kiwanja cha Liverpool, walipanua jukwaa kuu mwaka 2016, wakaongeza viti kama 8,500, kiwanja kikafika 54,000 hivi. Baadaye wakapanua upande wa Anfield Road, sasa ni karibu 61,000. Mtu wa kawaida alifurahi, akidhani viti vikiwa vingi bei itashuka. Kumbe sehemu kubwa ya pesa ya jengo jipya inatoka kwa wageni wa kula na kunywa mle ndani. Tena kabla jukwaa halijafunguliwa, Februari 2016, wakatangaza tiketi ya bei ya juu kabisa kuwa pauni 77. Siku ya mechi na Sunderland, dakika ya 77, watu wapatao 10,000 wakasimama wakatoka. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2! Siku chache baadaye wenye timu wakaomba radhi, bei ya juu ikarudi pauni 59.

Kwa hiyo Kunguru, swali langu kwako: hivyo viti vipya vitakuwa vya nani? Kama ni tribini (jukwaa) ya heshima yenye sofa, wewe utabaki na mama karanga wako.

Wanaotaka mfano wa upande wa pili waangalie Dortmund ya Ujerumani. Kiwanja cha watu zaidi ya 81,000, na upande mmoja mzima, kama watu 25,000, ni wa kusimama kwa bei nafuu. Wangeweza kuweka viti na kuuza ghali. Hawakutaka. Kwa miaka mingi mechi za Ulaya ziliwalazimu kuweka viti pale na kupoteza nafasi maelfu, zikiisha wanavitoa.

Fundi_Chuma
Kusimama sawa, lakini si kwa kusukumana. Nimefanya kazi ya chuma na zege miaka mingi. Watu wakisikia kupanua wanaona ngazi za viti tu. Mimi naangalia milango. Ukiongeza watu 10,000 juu, lazima wapate pa kutokea chini, na chini pale Kamalondo ni nyumba za watu, barabara nyembamba, vibanda. Hao Liverpool wenyewe, kabla ya kuongeza lile jukwaa, nyumba za mtaa wa nyuma zilinunuliwa na kubomolewa, tena zilikaa tupu miaka. Nani wa Kamalondo yuko tayari?

Hatuhitaji kwenda Hillsborough, kule Uingereza mashabiki walikokufa kwa kubanwa, kujifunza. Oktoba 2022 kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa, kwenye muziki tu, watu 11 walikufa. Na kile ni kiwanja cha watu 80,000. Ukubwa haukuwasaidia.

Mimi kura yangu ni Kibassa kwa mechi kubwa. Pale kuna eneo.

Petit_Kampemba
Bakubwa, juu ya nini mupanue kiwanja yenye haiyalaka batu? Anzeni na kuyalisha hii yenye iko. Mi niko mwanafunzi, mupira ya saa tisa na nusu katikati ya juma iko ya nani? Ya bale benye habana kazi na benye habana masomo.

Reli_ya_Samawati
😂 Petit, hao ndio nusu ya mji.

Dereva_wa_Dar
Habarini wakubwa. Mimi Mtanzania, niko mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori, siku ya tatu sasa, kwa hiyo muda wa kusoma ninao. Hiyo mnayoita purturu, kwetu inaitwa mzunguko. Neno lile lile.

Benjamin Mkapa ni watu 60,000. Simba na Yanga wakicheza mechi ya Afrika, mzunguko mara nyingi ni shilingi 5,000 au chini ya hapo, na VIP ndiyo wanaibana. Unalipia kwa simu, unaingia kwa kadi. Mwenye soksi bado yupo, sikudanganyi, ila kapungua. Ubaya wake ni ile njia ya kukimbilia inayozunguka uwanja. Ukikaa nyuma ya goli, mfungaji unamjua kwa jinsi wenzake wanavyomkimbilia. Pale Kamalondo nilipoingia mara moja, nilimsikia kipa akimtukana beki wake. Hiyo msiipoteze.

Ile 4-1 sikuisahau, msiirudie kila ukurasa. Yanga walikuja kwenu 2023 wakashinda 1-0, mbona hiyo hamuitaji?

Mama_Tribini
Kaka dereva, hiyo ya kulipia kwa simu naitaka hata kesho. Mwaka jana, kwenye kiwanja kimoja sitakitaja, dirisha la tiketi lilifungwa saa nane, wakasema zimeisha. Saa tisa tuko ndani, nyuma yangu safu nne hazina mtu. Tiketi zilikuwa zimeishia mfukoni.

Kunguru_wa_Katuba
Haya. Nimesoma yote mara mbili. Habari ya milango sikuwa nimeifikiria, na Fundi amenitia woga.

Basi nabadilisha mpango: simu kwanza, watoto bure Linafoot, mechi kubwa Kibassa. Kupanua bado nakutaka, lakini upande wa purturu peke yake, tena wa kusimama. Hapo sishuki, hata Fundi akasirike.

Mama_Tribini, siku ya yenga, Jumapili, unaenda? Nitakuwa mlango wa purturu saa nane, kofia nyeusi na nyeupe.

Mama_Tribini
Hapo wote wana kofia nyeusi na nyeupe, baba. Simama karibu na mama karanga.