Moshi wa tanuu la chokaa na uzazi: nani apimwe?

Mchoma chokaa, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kazi yangu ni kuchoma chokaa. Tunapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya mikoko, tunawasha, kisha tunaulinda moto usiku kucha, na mara nyingi nasimama karibu nao kiasi kwamba suruali hunichoma mapajani. Mke wangu na mimi tumekaa zaidi ya miaka miwili katika ndoa na hatujajaaliwa mtoto. Yeye ameshapimwa na hakuonekana na tatizo, lakini jamaa bado wanamnyooshea kidole, na sasa nashauriwa nioe mke wa pili. Nimesoma kwamba watafiti wanahusisha moshi na upungufu wa mbegu za kiume. Je, ni kweli? Na nikikaa mbali na tanuu kwa muda, mwili waweza kurudi katika hali yake?

Tabibu, Malindi

Wa alaykum salaam, kaka. Swali lako lina mambo mawili, na la kwanza hukulitaja kwa jina: joto. Korodani ziko nje ya tumbo kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri penye joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Anayesimama mbele ya moto mkali kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku, huweza kupungukiwa na mbegu hata kama hewa anayovuta ni safi.

Moshi nao una chembe ndogo zisizofika mikromita 2.5, ambazo hupenya mapafu na nyingine huingia katika damu. Mwili ukikabiliana nazo huzalisha kemikali kali zinazoharibu utando wa mbegu na vinasaba vilivyomo, na mbegu ya kiume ina uwezo mdogo sana wa kujitengeneza ikishadhurika. Tafiti nyingi zimeonyesha uhusiano kati ya hewa chafu na mbegu zisizokwenda vizuri, ingawa matokeo hayalingani kila mahali.

Kuhusu kurudi katika hali yake, kuna matumaini ya kweli. Mbegu huchukua siku 74 hivi kuundwa, kisha wiki moja au mbili kukomaa, kwa hiyo shahawa za leo zinaeleza hali ya miezi mitatu iliyopita. Pima sasa, omba upangiwe kupakia na kusafirisha mawe badala ya kulinda moto, kisha upime tena baada ya miezi mitatu. Mwombe daktari akuchunguze pia kama mishipa ya korodani imevimba, kwani hiyo ni sababu ya kawaida na inatibika.

Muuguzi wa uzazi, Lamu

Mwanangu, nakuombea heri, na nakusihi usioe mke wa pili kabla ya kupimwa. Nimewaona wanawake wengi wakizungushwa kwa waganga kwa miaka huku mume hajatoa hata kipimo kimoja, na jambo hili linaniuma. Miezi 12 ya kutafuta mimba bila mafanikio yatosha wote wawili kuchunguzwa, tena kwa wakati mmoja.

Mtazame mkeo naye jikoni. Huku kwetu wengi huwashia jiko la makaa kwa kipande cha nailoni, kile cheusi kinachoyeyuka na kudondoka matone yenye moto. Moshi wa plastiki, hasa ile yenye klorini, waweza kuwa na dioksini, sumu inayovuruga homoni na kukaa mwilini miaka mingi. Akijaaliwa mimba, hatari haijaisha: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walikuta chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande unaoelekea kwa mtoto. Tumieni vifuu au vijiti vikavu, na jiko likae uani.

Mwalimu wa sayansi, Malindi

Nakubaliana na waliotangulia, ila tusiutwike moshi kila kitu. Kaka hakusema kama anavuta sigara, na tumbaku hupunguza mbegu kwa ushahidi ulio wazi kuliko wa moshi wa tanuu. Vilevile asiogope tarakimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini, lakini kiwango hicho kilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 5 kati yao walikuwa chini yake. Aliye chini ya hapo si mgumba kwa sababu hiyo pekee.

Mchoma chokaa, Lamu

Nashukuru sana. Sigara navuta, na nitaiacha. Nitapimwa, na mke wangu nimemsomea majibu haya yote. Je, kuna maandalizi?

Tabibu, Malindi

Yapo. Jizuie na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Ukiruhusiwa kutolea sampuli nyumbani, usitumie mpira wa kawaida wala mafuta, iweke kwenye chombo cha maabara, ichukue ndani ya nguo karibu na mwili isipoe, na ifike ndani ya saa moja. Ukiwa na homa, subiri, kwani homa nayo hushusha idadi kwa wiki kadhaa. Majibu yakiwa mabaya, rudia kipimo kabla ya kuyakubali.