Majivuno wa Kusadikika hakuwa mshika kiboko: waandaaji wa igizo la Jumamosi, tujibuni

Nimengoja siku tatu hasira zishuke ndipo niandike, na hazijashuka. Jumamosi usiku nililipa shilingi 500 kwa kila kiti, nikampeleka mpwa wangu wa miaka 12 katika ukumbi mmoja hapa kisiwani Mombasa kutazama igizo lililotangazwa kuwa ni Kusadikika ya Shaaban Robert. Kitabu hicho cha mwaka 1951 nimekisoma tangu ujanani, na tulichoonyeshwa hakikuwa hicho.

Majivuno aliingia jukwaani na joho jeusi, wanja umemtiririka hadi mashavuni, kiboko mkononi, akicheka kama zimwi, na kila alipotokea ngoma ilipigwa ili tujue kuwa mwovu amefika. Mpwa wangu akaniinamia sikioni: "Mjomba, kwani mfalme haoni kuwa huyu ni mbaya?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kuligundua kosa la igizo zima.

Majivuno wa kitabuni ni waziri wa Kusadikika, nchi ya kubuniwa, na kiboko hana haja nacho. Husimama mbele ya mfalme na baraza akamshtaki Karama kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na elimu hiyo anaieleza kana kwamba ni balaa linaloinyemelea nchi, naye ndiye mlinzi wake. Kinachotisha ni kwamba anasikika kama mtu mwenye busara. Msomaji huweza kujikuta anaitikia kwa kichwa kabla ya kushtuka. Mfalme anayemsikiliza waziri wa namna hiyo si mpumbavu, ila mmemfanya mpumbavu nyinyi.

Lililoniuma zaidi ni mwisho. Kitabuni Karama anaomba kujitetea, na kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa Kusadikika akalipwa kifungo. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini: mmewafuta watano, mkambakiza mmoja kwa dakika chache, kisha Karama akampokonya Majivuno kiboko na kumcharaza huku ukumbi ukishangilia. Karama! Mtu ambaye hakuinua hata kidole, akashinda kwa hoja mpaka mfalme akaamuru yeye na wajumbe wote waachiliwe. Mwandishi wa Tanga, karani wa serikali ya kikoloni, aliyatunga hayo Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, wakati ambapo neno lililopangwa vizuri ndilo alilokuwa nalo mtu wa kawaida.

Nilipomuuliza mmoja wenu mlangoni, alinijibu kwamba watu wa Mombasa hawana subira ya hotuba. Anasema hivyo katika mji wa malenga Muyaka bin Haji, ambao ulipigana vita na Lamu kwa mashairi kama ulivyopigana kwa silaha!

Mmetangaza kulirudia igizo mwezi ujao. Warudisheni wajumbe wote sita, hata kila mmoja akipata dakika tano. Mvueni Majivuno joho hilo, mvalisheni kanzu iliyopigwa pasi na kilemba, azungumze kwa upole. Kama hamuwezi, liondoeni jina la Shaaban Robert kwenye tangazo, nami nirudishieni shilingi zangu 1,000.