Daikon: nusu ya juu au ya chini?

Mwanafunzi wa Osaka: Habari zenu wapendwa. Dukani huku daikon, ile figili nyeupe ndefu, huuzwa pia nusunusu: ya juu au ya chini. Ya kuchemsha ni ipi? Na "oroshi" ni nini?

Mama Jikoni: Karibu mwanangu. Upande wa majani ni mtamu, kula mbichi. Katikati ndiko kwa kuchemsha, hasa oden, kile chakula cha Kijapani cha kuchemshwa polepole kwenye supu. Ncha ni kali. Oroshi ni daikon iliyokunwa: ikamue kidogo tu, iweke kando ya samaki wa kuchoma, dondoshea shoyu, yaani mchuzi wa soya. Kabla ya kuchemsha, menya ganda nene, maana chini yake kuna nyuzi, kisha itokose kwanza kwa maji yaliyooshea mchele. Ukali unaisha, inabaki nyeupe, kijiti kinapenya bila kusukuma. Nakusihi usiiruke hatua hii!

Kaka wa Nagoya: Ukiona "kiriboshi", ni vipande vyembamba vilivyokaushwa, viroweke kwanza. Takuan ni achari ya daikon, ya chumvi na pumba za mchele. Majani nayo usitupe, yakaange na ufuta.

Mwanafunzi wa Osaka: Asante mama, asante kaka. Hiyo oden, mayai yanaingia saa ngapi?